Oksijeni Moja

Swali lilinikuta nakusanya vikombe. Darasa zima lilikuwa limetoka kusukutua kwa maji ya chumvi, kila mmoja dakika nzima bila kumeza, wakatema kwenye kikombe, wakatia tone la sabuni ya maji na kukoroga taratibu lisije likafanya povu. Kisha ikaja spiriti iliyopoozwa kwenye barafu, ikamiminwa pembezoni mwa kikombe polepole ili ielee juu bila kuchanganyika. Ukishafika hapo huna kazi tena ila kusubiri. Baada ya dakika mbili tatu, pale maji yanapokutana na spiriti, nyuzi nyeupe zikaanza kupanda, laini kama utando wa buibui ulioloa umande. Ukizizungushia kijiti zinajisokota na kukifuata.

"Hiyo ni DNA," niliwaambia. Sabuni imeyeyusha utando wa mafuta unaoizunguka seli, chumvi imetuliza chaji za nyuzi ili zikubali kukaa pamoja, na spiriti imezifukuza kutoka majini. Kuna kamasi na protini zimeng'ang'ania humo pia, sikuwaficha, ila ule uzi unaovutika ndio wenyewe.

Binti wa kiti cha nyuma akasogea na kikombe chake mkononi. "Samahani, Mwalimu. RNA iko wapi?"

"Imo humo humo, ila haionekani."

"Lakini wiki iliyopita ulisema seli ina RNA nyingi kuliko DNA."

Nilisema, na ni kweli. Pima kwa uzito seli hai iliyo kazini, na kwa kawaida utakuta RNA imeizidi DNA mara kadhaa. Sasa imekuwaje kile kichache kijitokeze kama uzi wa kuzungushia kijiti, na kile kingi kisionekane hata chembe? Kengele ikalia, wakatoka, nikabaki na vikombe na swali. Jibu nilikuwa nalo, ila kwa vipande vipande, na sikuwahi kuviunganisha mbele ya wanafunzi. Nimefundisha somo hili miaka mingi kwa mpangilio ule ule: kwanza DNA, halafu RNA, halafu protini. DNA bosi mwenye maandishi ya urithi, RNA tarishi wa kuyapeleka, protini vibarua wa kuyafanyia kazi. Leo naamini mpangilio huo unamdhulumu tarishi.

Tuanze na umbo, maana kila kitu kinatoka hapo. Chukua sukari ndogo yenye kaboni tano, iliyojikunja ikawa pete. Upande mmoja ipachike besi, upande mwingine fosfati. Kipande hicho kinaitwa nyukleotidi. Unganisha fosfati ya kipande hiki na sukari ya kipande kinachofuata, tena na tena, upate mnyororo: sukari, fosfati, sukari, fosfati, na besi zikichungulia kando kama majani kwenye kijiti. Besi ni za aina nne tu, kila moja ni kama herufi, na mfuatano wake ndio maandishi. Hadi hapa sijasema kama ni DNA au RNA, kwa sababu hadi hapa ni kitu kimoja.

Tofauti iko kwenye kaboni ya pili ya ile sukari. Kwenye RNA, kaboni hiyo imeshika oksijeni yenye hidrojeni yake. Kwenye DNA imeshika hidrojeni peke yake. Basi. Jina lenyewe linasema: sukari ya RNA ni ribosi, na ya DNA ni deoksiribosi, yaani ribosi iliyoondolewa oksijeni. Nimelitamka jina hilo mbele ya watoto wa watu mara zisizohesabika kabla ya siku niliyolisikia kwa masikio yangu.

Kuna tofauti ya pili, ya besi: mahali ambapo DNA ina thimini (T), RNA ina urasili (U). Hiyo nitairudia, maana nayo ina kisa chake.

Oksijeni hiyo imekaa jirani kabisa na fosfati inayoshikilia kipande kinachofuata. Maji yakiwa na alkali, joto likipanda, au kimeng'enya, kichocheo cha kemia mwilini, kikiichokoza, oksijeni inaachia hidrojeni yake na kuigeukia fosfati ya jirani. Inaikamata, na mnyororo unakatika hapo hapo. Kila kiungo cha RNA, kwa hiyo, kimezaliwa na kisu kiunoni. DNA haina kisu hicho. Ndiyo maana mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamesoma vipande vya DNA vya miaka kama milioni 2 kutoka kwenye udongo ulioganda wa kaskazini mwa Greenland, wakatambua kwamba nchi ile iliyo kame na baridi leo iliwahi kuwa na miti na mastodoni, jamaa wa tembo. RNA inayobeba ujumbe ndani ya bakteria huishi dakika chache. Ndani ya seli zetu, nyingi huishi saa kadhaa tu.

Na mate yetu yamejaa vimeng'enya vya kukata RNA. Ya yule binti ilishaanza kukatwakatwa kabla hajatema. Vipande vifupi namna hiyo havisokoteki kuwa uzi.

Kisu hicho mimi nilikijua kwa vitendo, nikiwa chuoni. Nilipewa kazi ya kutoa RNA kwenye seli zilizooteshwa maabara, kazi ya siku mbili. Mwisho wake unaisukuma RNA kwa umeme ipite kwenye jeli, na ikiwa nzima unaona mistari miwili iliyonyooka, inang'aa, wa juu ukiwa na mwanga kama mara mbili ya wa chini. Nilipowasha taa ya urujuanimno sikuona mstari wowote. Niliona ukungu, umeburuzwa kutoka juu hadi chini kama chaki iliyofutwa kwa kiganja.

Mama mmoja fundi wa maabara akaja kusimama nyuma yangu. Hakuuliza kilichotokea, alishakijua.

"Mwanangu, ulivaa glavu?"

"Nilivaa, mama. Nilivua mara moja tu kufungua kifuniko."

"Na maji?"

"Niliyachemsha nusu saa nzima."

Akatikisa kichwa. "Hicho hakifi kwa kuchemsha."

Kinachoitwa "hicho" ni ribonukliezi, kimeng'enya cha kukata RNA. Kipo kwenye ngozi, kwenye jasho, kwenye mate, na kidole kimoja kikavu kinatosha kukiacha pale kilipogusa. Ndugu yake anayetoka kwenye kongosho la ng'ombe ndiye aliyechunguzwa kuliko wote. Ni protini ndogo, mnyororo wa asidi amino 124, uliojikunja na kukazwa kwa vifungo vinne vya salfa. Ukiichemsha inajikunjua. Maji yakipoa inajikunja upya na kurudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Maji yangu niliyoyachemsha kwa nusu saa hayakuwa yameua kitu.

Sikujua siku ile kwamba ukaidi huo huo ulikuwa umeshampa mtu Tuzo ya Nobel. Christian Anfinsen, nchini Marekani, aliichukua ribonukliezi ya ng'ombe, akailegeza kwa urea iliyokolea na kuvikata vile vifungo vya salfa kwa kemikali. Ikabaki uzi mlegevu usioweza kukata chochote. Kisha akaziondoa kemikali taratibu, bila kuisaidia kwa lolote, bila kalibu wala kielelezo. Ikajikunja yenyewe. Vile vifungo vinne vikarudi kila kimoja na mwenzake, ingawa kuna njia 105 tofauti za kuvioanisha, na kimeng'enya kikaanza tena kukata RNA. Tuzo ilikuja mwaka 1972. Kilichodhihirika ni kwamba umbo la protini limeshaandikwa ndani ya mfuatano wa asidi amino zake. Asiyeamini na ajaribu kufanya kazi ya RNA bila glavu.

Protini ni hivyo: mnyororo ulionyooka unaotolewa ukiwa hauna umbo, kisha unajikunja. Asidi amino ziko aina 20. Nyingine zinapenda maji, nyingine zinayakimbia, nyingine zina chaji, nyingine zina salfa. Zinazoyakimbia maji zinajificha ndani, zinazoyapenda zinabaki nje, na katika purukushani hiyo unatokea mkunjo mmoja wenye mfuko mahali fulani, na kwenye mfuko huo ndiko kazi inakofanyika. Ndani ya chembe zako nyekundu za damu kuna kimeng'enya kinachogeuza kabonidioksidi kuwa bikaboneti ili ibebeke hadi kwenye mapafu, na molekuli moja ya kimeng'enya hicho huweza kufanya mageuzi hadi milioni moja kwa sekunde. Umbo likikosewa, kazi inakosewa. Himoglobini ya mgonjwa wa selimundu inatofautiana na ya wengine kwa asidi amino moja tu, ya sita kwenye mnyororo wa beta: pale panapotakiwa asidi glutamiki inayopenda maji imekaa valini inayoyakimbia. Valini hiyo inatafuta pa kujificha, inapata mfuko kwenye himoglobini ya jirani, na jirani kwenye ya jirani, mpaka chembe nzima inavutika kuwa mundu. Kwenye DNA hiyo ni herufi moja, A iliyogeuka T.

Sasa nani anaiandika minyororo hii? Hapa ndipo vitabu huleta habari ya tarishi. Jeni, kipande cha DNA, inafunguliwa, nakala ya RNA inatolewa, nakala inatoka kwenye kiini cha seli hadi kwenye ribosomu, mashine ya kuunda protini, na ribosomu inaisoma herufi tatu tatu. Mei 1961 Heinrich Matthaei na Marshall Nirenberg waliandaa RNA ya herufi moja tu, U ikijirudia mwanzo mwisho, wakaitia kwenye majimaji ya bakteria zilizopondwa. Ikatoka protini ya asidi amino moja ikijirudia, fenilalanini. Kwa hiyo UUU ni fenilalanini. Lilikuwa neno la kwanza kusomwa katika lugha ya viumbe wote, na lilisomwa kwenye RNA. Kufikia mwaka 1966 maneno yote 64 yalikuwa yamejulikana, 61 ya kutaja asidi amino na 3 ya kusema simama. Neno moja moja linatambuliwa na RNA nyingine, ndogo, yenye herufi kama 76, iliyojikunja kwa umbo la L: kichwa kimoja kinasoma neno, kichwa kingine kimebeba asidi amino inayotakiwa. Ndiye mkalimani, naye ni RNA.

Yote hayo nilikuwa nayafundisha, na bado nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba ribosomu ni mashine iliyoundwa kwa protini, na kwamba RNA iliyomo ndani yake ni kama fremu ya mbao: ya kushikilia tu. Ndivyo wengi walivyodhani kwa miaka mingi. Kazi ni ya protini, tulifundishwa hivyo, na kila mwenye kufanya kazi ya kemia ndani ya seli ni protini.

Wa kwanza kuvunja imani hiyo kwa ushahidi alikuwa Thomas Cech, huko Colorado. Alikuwa akichunguza kiumbe cha majini chenye seli moja, Tetrahymena, ambacho RNA yake moja hutolewa ikiwa na kipande cha katikati kisichotakiwa. Kipande hicho hukatwa na ncha mbili zikaunganishwa. Cech alitaka kukipata kimeng'enya kinachokata. Akaondoa protini, ukataji ukaendelea. Akaondoa tena kwa ukali zaidi, ukaendelea. Mwishowe akaitengeneza RNA hiyo nje ya kiumbe kabisa, mahali ambapo protini ya Tetrahymena haijawahi kufika, nayo ikajikata na kujiunga. Mwaka 1982 akatangaza: mkataji ni RNA yenyewe. Na kile kisu cha kiunoni ninachokisema, kuna RNA nyingine ambazo zikijikunja vizuri hukishika kwa mpini na kukitumia kwa hesabu. Sidney Altman naye alikuta jambo kama hilo kwenye kimeng'enya kingine cha bakteria, wakagawana Nobel ya kemia mwaka 1989.

Halafu ikaja ribosomu. Ada Yonath alitumia miaka ishirini akijaribu kuigandisha iwe fuwele ili ipigwe picha kwa eksirei, na wengi walimwambia haiwezekani, ni kubwa mno na laini mno. Mwaka 2000 picha zikatoka, zake na za makundi ya Thomas Steitz na Venki Ramakrishnan. Steitz na wenzake wakatazama mahali penyewe, kiti ambapo asidi amino moja inafungwa kwa nyingine, wakatafuta protini iliyo karibu. Hapakuwa na protini. Zote zimekaa pembezoni, zimejibandika nje na kuingiza mikia mirefu kati ya mikunjo ya RNA. Kitovu chote ni RNA. Kila protini iliyowahi kuundwa mwilini mwako, ya nywele, ya misuli, ya damu, ile inayoisoma sentensi hii kwenye jicho lako, ilifungwa kiungo kwa kiungo na RNA.

Nilipoyasoma hayo nikaikumbuka jeli yangu. Ile mistari miwili niliyokuwa nikiisubiri ni RNA mbili kubwa za ribosomu. RNA nyingi ya seli ni hiyo, kama asilimia 80, na RNA mjumbe, ile tunayoifundisha kana kwamba ndiyo RNA yote, ni asilimia chache. Mistari ile chuoni tuliitumia kama alama ya kupimia: ikionekana, sampuli ni nzima, endelea na kazi yako ya maana. Kumbe tulikuwa tunaiangalia mashine yenyewe na kuipita.

Ukishaliona hilo, unaanza kukuta nyayo za RNA kila mahali. ATP, ambayo kila seli hai inaitumia kama sarafu ya nishati, ni nyukleotidi ya RNA yenye fosfati tatu, ribosi yake ikiwa na oksijeni yake kamili. DNA inaponakiliwa, kimeng'enya kinachonakili hakiwezi kuanza patupu. Lazima kwanza kiwekewe kipande kifupi cha RNA cha kuanzia, ambacho baadaye hufutwa. Na hili ndilo lililonigusa kuliko yote: seli hutengeneza vipande vya DNA kwa kuchukua vipande vya RNA vilivyokamilika na kuving'oa oksijeni. Kuna kimeng'enya maalumu kwa kazi hiyo, na ni kazi ngumu, ya kutumia chembe zenye ukali mkubwa ndani ya mfuko uliofungwa barabara. Dawa ya haidroksiyurea, wanayoijua vizuri ndugu wengi wa wagonjwa wa selimundu, hukizuia kimeng'enya hicho hicho, na kwa wagonjwa hao huamsha tena utengenezaji wa himoglobini ya utotoni, ile ya kabla ya kuzaliwa, isiyoshikana.

Hakuna DNA inayotengenezwa moja kwa moja kutoka mwanzo. Vipande vyake vyote vimeanza kama vipande vya RNA. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Cech na kabla ya picha za ribosomu, Carl Woese, Francis Crick na Leslie Orgel walishaandika kwamba huenda RNA ndiyo iliyotangulia, ikiwa hati na fundi kwa wakati mmoja, na hao wengine wakaja baadaye kupokea kazi. Ni wazo la mambo ya zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Lakini mimi nikiangalia nani anamtengeneza nani ndani ya seli ya leo, naona nyumba ambayo yule tuliyemwita tarishi ndiye aliyeijenga.

Sasa kwa nini akabidhi hati kwa mwingine? Kwa sababu ya kisu. Maandishi marefu hayawezi kukaa kwenye karatasi inayojichana. Virusi vya korona vimeandikwa kwa RNA, herufi kama 30,000, na hivyo ni miongoni mwa virusi vya RNA vyenye maandishi marefu zaidi. Seti moja ya maandishi ya mwanadamu ni herufi kama bilioni 3. Kuutunza urefu huo, ile oksijeni ilibidi iondoke.

Na sasa ile habari ya thimini. Sitosini, mojawapo ya zile besi nne, ina tabia mbaya: ikiwa ndani ya maji huweza kupoteza kipande chake cha naitrojeni na kugeuka urasili. Ndani ya kila seli yako yenye DNA jambo hilo hutokea mara 100 au zaidi kwa siku. Kama DNA ingetumia urasili kama RNA, mkarabati angefika mahali penye urasili asijue kama ni herufi halali au ni sitosini iliyoharibika. Kwa hiyo DNA inatumia urasili iliyotiwa alama. Thimini ni urasili yenye kaboni moja ya ziada pembeni, na si zaidi ya hapo. Ukikuta urasili isiyo na alama kwenye DNA, ni kosa, itoe. Tomas Lindahl alikigundua kimeng'enya kinachopita kikiitafuta na kuing'oa mwaka 1974, na mwaka 2015 akawa mmoja wa waliopewa Nobel kwa kazi ya ukarabati wa DNA. Kutia alama hiyo kunahitaji foliki asidi, na mwili ukiikosa, urasili huanza kuingia kwenye DNA na chembe za damu hutoka kubwa, chache na dhaifu. RNA haina haja ya gharama hiyo. Nakala inayoishi saa chache haikarabatiwi, inatolewa nyingine.

Nyuzi mbili za DNA nazo nazielewa hivyo. Habari ya mwaka 1953, ya kujulikana kwa umbo hilo, imesimuliwa sana, picha ya eksirei iliyopigwa na Rosalind Franklin na Raymond Gosling pale London, kielelezo cha Watson na Crick pale Cambridge, na Franklin aliyefariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37, kabla Nobel haijatolewa. Sitairudia. Ninachotaka kukisema ni kwamba A inashikana na T, na G na C, kwa hiyo kila uzi ni nakala ya mwenzake iliyogeuzwa. Uzi mmoja ukichafuka, wa pili unakumbuka. Ni hati iliyowekwa pamoja na shahidi wake, zimesokotwa pamoja zisiachane, besi zikiwa zimefichwa ndani na migongo ya sukari na fosfati ikiwa nje. Mita mbili hivi za uzi kama huo zimo ndani ya karibu kila seli yako yenye kiini, zimezungushwa kwenye protini kama uzi kwenye vigurudumu. Umbo hilo lote ni la kutunza. DNA haimeng'enyi kitu, haijengi kitu, haisukumi kitu. Imetulia, na utulivu huo ndio kazi yake.

Wakati wa korona nilipata maswali mengi kuhusu chanjo za RNA, hasa kutoka kwa wazazi. Kwa nini baadhi yake zinatunzwa kwenye baridi kali namna ile, nyuzi joto 70 chini ya sifuri? Je, hazitabaki mwilini na kubadili vinasaba vya mtoto? Nilijibu maswali yote mawili kwa jibu moja. Ni ule ukatikaji. RNA ya chanjo imefungwa ndani ya vitone vya mafuta na kugandishwa kwa sababu hiyo, ifike nzima. Katalin Karikó na Drew Weissman walihangaika miaka mingi mpaka mwaka 2005 walipoonyesha kwamba kuibadili urasili yake kidogo kunaifanya kinga ya mwili isiishambulie ikiingia, na mwaka 2023 wakapewa Nobel. Lakini hata ikifika nzima, inaingia kwenye majimaji ya seli, si kwenye kiini ilikotunzwa DNA, inasomwa na ribosomu, kisha inakatwa kama RNA nyingine zote. Mzazi mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo imeandikwa ili ife?" Nilimwambia ndiyo.

Kipindi kilichofuata sikuanza na DNA. Nilichora ubaoni sukari moja tu, ribosi, kubwa, pete ya pembe tano, na kila kaboni nikaiandikia inachokishika. Kwenye kaboni ya pili nikaandika OH. Nikawaambia hiki ni kipande cha RNA, na nikauliza ni nani atakayenitengenezea DNA kutoka kwenye hiki hiki, bila kuchora kipya. Kimya. Mmoja akasema ibadilishwe besi, mwingine akasema iongezwe uzi wa pili.

Yule binti akainuka kutoka nyuma. Hakuomba chaki. Akaiangalia ile pete kwa muda, akanyoosha mkono, akaifuta O kwa kidole na kuiacha H.